Mvua ya kwanza siyo ruhusa ya kupanda

Utabiri wa msimu ukishatoka, huku Lindi na Mtwara stori ni moja tu, "wametangaza wastani hadi juu ya wastani, mwaka huu mvua ipo", basi mwisho wa Novemba kikishuka kiwingu kimoja vumbi likatulia mtu anamaliza mbegu yote shamba zima. Linakuja jua wiki mbili, mahindi yananyauka, Januari anazunguka kukopa mbegu. Kila mwaka jamani!

Hiyo "juu ya wastani" ni jumla ya mvua ya msimu mzima, Novemba mpaka Aprili, ikilinganishwa na wastani wa miaka 30. Haisemi itagawanyikaje. Inaweza kumwagika siku nne za Februari jumla ikafika hukohuko juu na mahindi yako yalishakufa Desemba. Halafu ni uwezekano, siyo ahadi.

Kwa hiyo pima. Chukua kopo lililonyooka juu mpaka chini, siyo chupa ya soda, kitako chake kina mabonde. Liweke wazi, mkorosho ukiwa na urefu wa mita 8 kaa mita 16 mbali nao. Wengine mnaliweka chini ya bati, sasa hapo unapima mvua au unapima paa? Saa 3 asubuhi kila siku tumbukiza rula, na ile sehemu tupu kabla ya sifuri uikate kwanza maana inakupunja milimita kadhaa, andika, mwaga maji.

Usipande mpaka upate milimita 20 ndani ya siku mbili tatu mfululizo. Kisha chimba kwa jembe, siyo kukwaruza na kidole, unyevu ufike sentimita 15, na kwenye kichanga cha Newala na Tandahimba mimi nataka 20. Bado hujamaliza, angalia utabiri wa siku kumi wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, ukisema pakavu, subiri. Roho ikikataa kabisa panda robo shamba. Ufuta wala hauna haraka, Januari unapandwa.

Na habari za "baba alikuwa anapanda tarehe fulani" tuziache. Wataalamu wanaokokotoa miaka ijayo wanakubaliana joto linapanda na mvua za mkupuo zinaongezeka, ila jumla ya mvua kwa huku kusini modeli zao za kompyuta zinapishana.

Miche ikiota pamoja bila kurudishia mbegu kwenye mapengo, umepatia. Daftari la vipimo usilifanye la kufungia karanga, mwezi wa kumi njoo nalo tulisome pamoja na utabiri wa wilaya yako.