Mtoto ataka udaktari na nyinyi mko Lamu? Anzieni hapa

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, wazazi hapa mtaani waja na swali lile lile, mwanangu kapata B plas ataka udaktari, twaanzia wapi? Ukweli ni kuwa mambo yalishaanza zamani, tangu alipochagua masomo, lakini haya tuelezane.

Masomo kwanza. Bayolojia, kemia, hesabu ama fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili, kote humo awe na B kwenda juu. Na hiyo B ni ya kuruhusiwa kuomba tu, kuingia ni habari nyengine manake anaogombania nao nafasi ni wale wa A. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanahesabu klasta, yaani masomo manne, A ni pointi 12 kwa hivyo yote ni 48, halafu wanaangalia pia jumla ya masomo saba, sasa mtoto akidharau IRE (somo la dini ya Kiislamu) na jografia ati si za daktari anajikata miguu mwenyewe. Alieacha fizikia asilie, hesabu yatosha, ila kemia ya praktiko aifanyie kazi sana, kama skuli haina maabara ya maana mtafutieni pahala likizo.

Ikifika kuomba, tafadhali kaeni nae mbele ya kompyuta. Kuna kijana wa Malindi alimwachia mtu wa saiba amjazie, akamwekea udaktari chaguo la nne, la kwanza kozi ambayo hata hakuitaja, na kwa kozi yenye ushindani kama hii kuiweka chini ni sawa na kutoomba. Udaktari uwe wa kwanza, chini yake weka nasing, famasia ama klinikal medisini. Na angalieni namba ya kozi, manake kozi ni moja lakini kila chuo kina namba yake, ukikosea tarakimu moja mtoto ataitwa kwengine kabisa.

Vyuo vingi viko bara: Nairobi ndo mkongwe, skuli yake ya udaktari ni ya 1967, kuna Moi kule Eldoret, Kenyatta, JKUAT, Maseno, Egerton, na vya kulipia kama Mount Kenya na Aga Khan. Ni miaka 6, kwa hivyo msihesabu karo peke yake, hesabuni chumba, chakula na nauli ya boti mpaka Mokowe halafu basi. Ombeni HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, na basari ya kaunti mapema.

Sasa hawa maajenti wa vyuo vya nje. Anakuja na broshua nzuri, karo rahisi, viza juu yake. Sisemi wote ni waongo, lakini kabla hujauza shamba nenda KMPDC, ndo baraza linalosajili madaktari Kenya, uliza chuo hicho wanakitambua ama vipi, na mtoto akirudi atatakiwa afanye nini ili asajiliwe. Ajenti akikwambia usijisumbue kuuliza, basi ushapata jibu.

Aliepata C pleni pia ana njia, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, yapokea wanafunzi wa diploma ya klinikal medisini, miaka 3. Klinikal ofisa anatibu na ana baraza lake, wallahi hospitali zetu nyingi zategemea wao, mimi siioni kama ni aibu. Ila asidanganywe kuwa akimaliza anageuka daktari, udaktari ni kuomba chuo na kuusoma.

Akishagradueti kuna intanshipu ya mwaka mzima, anazungushwa wadi ya watu wazima, upasuaji, watoto na leba. Kupangiwa hospitali kwaweza kuchukua miezi, kwa hivyo msikope kwa mtu mkitegemea mshahara huo. Na mshahara wenyewe umekuwa vita, mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ni serikali kutaka kuwapa maintani elfu 70 wakati mkataba wao na serikali wa 2017 unasema laki mbili na kitu.

Akipangiwa mbali, Lodwar ama Wajir, aende tu. Na mama, mpaka apate leseni usimwambie jirani aje apimwe presha barazani, bado haruhusiwi kutibu peke yake.