Kufuli Nililoliua: Namna ya Kuzamia Kwenye Meli Iliyozama na Kutoka Mikono Mitupu

Kitu pekee nilichowahi kuiba baharini ni kufuli. Wakati ule sikuuita wizi, niliuita ukumbusho. Lilikuwa limelala mchangani kando ya mataruma ya meli, ukubwa wa kiganja, limevikwa ukoko mgumu wa chokaa na kutu, tundu la ufunguo likionekana kwa shida. Nililitia kwenye mfuko wa wavu, nikapanda nalo, nikaliweka dirishani. Likakauka. Baada ya wiki chache likaanza kutokwa na jasho, matone ya rangi ya chai yakichuruzika kwenye nyufa. Kisha likaanza kubanduka magamba. Mwaka haukuisha nikabaki na kopo la vumbi jekundu.

Nilipompelekea mwanaakiolojia kopo lile hakunigombeza. Aliniuliza mambo matatu tu: lilikuwa upande gani wa meli, lilikuwa jirani na nini, na je, lilikuwa limefungwa au liko wazi? Sikuwa na jibu hata moja. Kufuli likikutwa karibu na jiko huenda lilifunga ghala la chakula. Likikutwa walikolala mabaharia huenda ni la sanduku la mtu mmoja, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kila alichokuwa nacho. Langu halikufunga chochote. Nililitenga na mlango wake kwa sekunde tatu.

Nayaandika haya kwa mzamiaji anayetaka kwenda kwenye meli zilizozama na asifanye nilichofanya.

Kabla ya kushuka

Uliza meli ni ya nani. Watu wengi hudhani kitu kikikaa chini ya maji muda mrefu kinakuwa cha mwokotaji. Sivyo. Meli ya mizigo inaweza kuwa na mwenyewe hadi leo, au bima iliyolipa hasara. Meli ya kivita kwa kawaida hubaki mali ya serikali iliyoipeperushia bendera, na Marekani wameliandika hilo wazi katika sheria yao ya 2004: kupita kwa miaka hakuifanyi meli ya jeshi iwe yako. Uingereza, kwa sheria ya 1995, ukitoa kitu kwenye mabaki ya meli unatakiwa utoe taarifa kwa ofisa maalumu wa serikali ndani ya siku 28, hata kama ni kipande cha sahani. Mkataba wa UNESCO wa 2001, ulioanza kutumika Januari 2009, unahusu vitu vilivyokaa majini angalau miaka 100. Unapiga marufuku kuvifanyia biashara na unataka kuviacha mahali vilipo lifikiriwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo usiishie kwenye mkataba. Tafuta sheria ya nchi yenye maji unayoyazamia.

Ila sheria ni sakafu tu. Thistlegorm, meli ya Uingereza iliyozamishwa na ndege za Ujerumani katika Bahari ya Shamu Oktoba 1941, haijafikisha miaka 100. Watu 9 walikufa humo. Shehena yake ya pikipiki, malori na mabuti ya askari ndiyo inayowavuta wazamiaji kutoka kila pembe, na wazamiaji haohao wameng'oa vipande kimoja kimoja hata malori na pikipiki nyingine zimebaki mifupa. Aliyeondoka na usukani mmoja wa lori hakujiona ameharibu kitu. Wala wa pili hakujiona.

Uliza pia msimamo wa chombo kitakachokupeleka, kabla ya kulipa. Nahodha akicheka na kusema "mfuko wako, macho yako", tafuta chombo kingine. Ukiona nyundo, patasi na mtaimbo kwenye sitaha na hakuna anayetengeneza injini, umeshapata jibu. Angalia na nanga wanaitupa wapi. Nanga inayoburutwa juu ya meli iliyooza hubomoa zaidi kwa asubuhi moja kuliko wezi kumi, na kamba iliyofungwa kwenye nguzo dhaifu huing'oa mawimbi yakivuta.

Mimi mfuko wa wavu nauacha juu. Mfuko mtupu una njaa, nao humtafutia mwenyewe sababu.

Ukiwa chini

Hapa ujuzi wa kuelea ndio adabu yenyewe. Asiyeweza kutulia majini bila kushika kitu atashika kitu, na kilicho karibu kitakuwa cha miaka mia mbili. Jipime uzito kwanza kwenye maji ya kina kifupi, bana mirija yako isining'inie, na piga mapezi kama chura badala ya kupiga juu na chini, ili tope lisiinuke. Usiingie ndani ya meli kama hujafunzwa kufanya hivyo. Hilo ni kwa ajili ya uhai wako, lakini ni kwa ajili ya meli pia: mapovu yako hujikusanya chini ya dari, na chuma kilichozoea maji kikikutana na hewa kutu hukimbia.

Ukiona kitu, zuia mkono, tumia kibao cha kuandikia. Piga kwanza picha ya mbali, inayoonyesha kitu pamoja na kilichokizunguka, kisha ya karibu, ukiweka rula au ukingo wa kibao pembeni bila kukigusa ili ukubwa ujulikane. Andika kina. Chagua alama isiyohama, kama boila, nanga kubwa au shina la mlingoti, kisha andika umbali kutoka hapo na mwelekeo wa dira. Kiko omo, yaani mbele ya meli, au tezi, yaani nyuma? Kimelala juu ya mchanga au nusu yake imefukiwa? Dakika nne zinatosha. Jioni hiyohiyo andika upya kwa mwandiko unaosomeka, maana maandishi ya chini ya maji hata mwenyewe kesho hutayaelewa.

Usikisogeze ili picha ipendeze. Hili linanikera kuliko hata wizi wenyewe, kwa kuwa hufanywa na watu wema. Waongozaji wengine hukusanya sahani, chupa na taa kutoka kila kona ya meli wakazipanga sitahani kama duka, ili wageni wasihangaike kutafuta. Hakuna kilichotoka majini, na hata hivyo kila kimoja kimepoteza anwani yake.

Ukikuta mifupa ya binadamu, funga kamera, ondoka taratibu, toa taarifa ukifika juu. Ukikuta risasi au mabomu, usiguse kabisa. Umri hauyafanyi yawe salama. Takataka za leo, chupa ya plastiki au uzi wa kuvulia, unaweza kuziokota. Wavu mkubwa ulionasa kwenye meli uache: ukiuvuta unaweza kuondoka na nusu ya ukingo wa sitaha, au ukakunasa wewe.

Hoja utakazosikia chomboni

"Nisipochukua mimi, atachukua mwingine." Huenda. Basi mwache awe mwingine.

"Bahari itakila tu." Hii ina ukweli wake, na si haki kuipuuza. Mbao zilizo wazi huliwa na wadudu wa baharini, dhoruba hutawanya, chuma huisha. Lakini kilichofukiwa mchangani, mahali pasipo na hewa, huweza kudumu karne nyingi, na kinachokiua haraka ni kutolewa. Chumvi iliyozama ndani ya chuma au chungu hukauka, ikawa fuwele, ikapasua. Mbao iliyojaa maji husinyaa na kujikunja. Meli ya Vasa ya Sweden ilipoinuliwa 1961 ilinyunyiziwa dawa ya kuhifadhi kwa miaka 17. Mary Rose ya Uingereza iliinuliwa 1982, na mabomba ya kuinyunyizia hayakufungwa hadi 2013. Ukisema unaokoa kitu, uwe na tangi la maji, maabara na miaka hiyo. Mimi nilikuwa na dirisha.

"Ni kipande kimoja, kitapunguza nini?" Hapa mimi husimulia habari za Uluburun, meli ya kale iliyozama pwani ya Uturuki. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo wa Uturuki alimweleza nahodha wake kwamba ameona huko chini biskuti za chuma zenye masikio. Hakuzibeba kwenda kuuza. Habari zikawafikia wanaakiolojia, nao wakachimba kuanzia 1984 hadi 1994, wakizamia zaidi ya mara 22,000. Ilikuwa meli ya zaidi ya miaka 3,300, na biskuti zile zilikuwa vipande vya shaba nyekundu. Vilipopimwa vyote, shaba ilikuwa kama tani 10 na bati kama tani 1. Kumi kwa moja ndicho kipimo cha kutengenezea bronzi. Hesabu hiyo haimo ndani ya kipande chochote kimoja. Imo katika kuvikuta vyote pamoja.

Kama tayari unacho nyumbani

Usikisugue, usikitie siki, usikipake mafuta. Kama bado kimelowa, kiache kwenye maji, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, penye giza na ubaridi, mpaka mtaalamu akuelekeze. Kama kimeshakauka usikirudishe kwenye maji, kiweke pakavu. Usikitupe baharini kwa kujuta, kwa sababu kitu kilichorudishwa mahali pasipo pake kitamdanganya atakayekikuta. Andika unachokumbuka, hata mwaka na jina la meli tu, upeleke makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Zipo nchi ambazo zimewahi kutoa muda wa msamaha kwa watu kama sisi. Uingereza walifanya hivyo 2001, wakapata taarifa za maelfu ya vitu. Uliza kwanza sheria ya kwenu inasemaje, kisha nenda.

Langu mwanaakiolojia alilimwaga juu ya karatasi nyeupe, akachakura vumbi kwa kibanio, akapata kibati cha shaba cha kuzungushia tundu la ufunguo. Akakitia kwenye mfuko mdogo, akachukua kadi, akaandika tarehe ya siku ile na neno "kufuli, sehemu". Chini yake palikuwa na mstari wa mahali kilipopatikana. Akaniangalia, akasubiri kidogo, kisha akachora kistari.