Chupa ya nusu lita kuwa spesa ya pumu: namna ya kuitengeneza na kuitumia

Inhela ya kubonyeza hurusha dawa kwa kasi. Ukiiweka mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi hugonga ulimi na koo ikamezwa, na kinachofika kwenye mirija midogo ya hewa ni kidogo. Spesa ni chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo: dawa inapunguza kasi humo ndani, na mgonjwa anaivuta bila haraka. Za dukani ni ghali. Chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi hiyohiyo, mradi itengenezwe sawasawa.

Hilo lilipimwa Cape Town. Mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa miaka 5 hadi 13 waliofika hospitali wakiwa wamebanwa na pumu. Baadhi walipewa spesa ya kiwandani, wengine chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri inapoingia inhela, wengine chupa kama hiyo isiyozibwa, na wengine kikombe cha povu. Chupa iliyozibwa ililingana na spesa ya kiwandani. Isiyozibwa ilibaki nyuma, na kikombe kikashika mkia. Kwa hiyo hata ukiwa na haraka, usiharakishe kazi ya tundu.

Chagua chupa ngumu kidogo, iliyokuwa na maji ya kunywa au juisi, yenye kitako kisicho na mabonde makubwa. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, dawa ya wadudu au sabuni ya choo usiiguse hata kama imeoshwa mara kumi. Chukua waya mnene, uzungushe kwenye mdomo wa inhela hadi upate umbo lake kamili (mdomo huo si duara, ni kama yai), kisha acha mkia mrefu wa kushikia. Fanya kazi hii nje, kwa sababu plastiki ikiungua hutoa moshi, na mwenye pumu akae mbali. Pasha waya kwenye mkaa, ushike kwa koleo, ubonyeze katikati ya kitako cha chupa hadi plastiki iyeyuke na kipande kitoke. Kabla kingo hazijapoa, sukuma mdomo wa inhela tunduni ili plastiki ijikunje kuufuata. Ukikosea, kosea kwa tundu dogo. Dogo huongezwa, kubwa ni chupa nyingine.

Ondoa mabaki yote ya plastiki ndani. Kipande kilichobaki kinaweza kuvutwa kifuani pamoja na dawa.

Kisha osha chupa kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Usiisuuze. Usiifute kwa kitambaa. Iinamishe ijikaushe yenyewe, usiku kucha ikibidi. Plastiki mpya ina umeme tuli, ule unaonata nywele kwenye kitana, na umeme huo hunasa dawa kwenye kuta za chupa kabla haijafika mdomoni. Utando mwembamba wa sabuni ndio unaouzima; kuifuta kwa kitambaa kunaurudisha. Futa tu sehemu ya shingo inayogusa midomo. Kama mgonjwa amebanwa na huna muda wa kuosha, pulizia dawa ndani ya chupa mara 10 hadi 20 kwanza ili kuta zishibe. Ni hasara ya dawa, lakini bora hiyo kuliko dozi isiyofika.

Ingiza inhela, zungushia plasta pale inapokutana na chupa, kisha ziba shingo kwa kiganja na uikamue chupa kidogo. Ukisikia hewa ikitoka pembeni, ongeza plasta. Gundi inaziba vizuri zaidi, ila ipake kwa nje na uiache ikauke hadi harufu iishe. Kero yake ni kwamba inhela haitoki tena kuoshwa, na mdomo wa inhela usiooshwa kila wiki huziba kwa unga wa dawa.

Wakati wa kutumia, mgonjwa akae wima. Tikisa inhela vizuri. Atoe pumzi, abane shingo ya chupa kwa midomo, nawe bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6 bila kuondoa mdomo. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze mara ya pili. Kubonyeza mara mbili mfululizo ni kosa linaloonekana kila siku: matone hugongana, yanakuwa mazito na kuanguka chini. Mtoto asiyeweza kubana shingo kwa midomo anahitaji maski inayokaa sawa kwenye pua na mdomo, ikifungwa kwenye shingo ya chupa. Akilia, dawa kidogo sana huingia, hivyo mtulize kwanza.

Inhela ya unga haitumiki na spesa. Dawa ya steroidi (ile ya kutuliza uvimbe wa mirija ya hewa) ikishavutwa, mgonjwa asukutue na kutema, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni.

Akibanwa ghafla, salbutamol (dawa ya kufungua mirija ya hewa) yenye mikrogramu 100 kwa kila mpulizo hutolewa mipulizo 4 hadi 10 kila dakika 20 katika saa ya kwanza kwa mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 5. Kwa mtoto wa miaka 5 au chini, anza na mipulizo 2, rudia baada ya dakika 20, na tena mara moja. Akihitaji zaidi ya 6 ndani ya saa mbili, hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya bluu, aliyelegea, au mtoto ambaye mbavu zinabonyea ndani, ondoka naye sasa hivi na endelea kumpulizia njiani. Mluzi wa kifua ukinyamaza huku bado anahangaika si nafuu. Ni kwamba hewa karibu haipiti tena.

Kopo la salbutamol kwa kawaida lina mipulizo 200. Usiliweke majini kuona kama linaelea ili kupima kilichobaki, jibu lake haliaminiki. Hesabu na uandike. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri tena watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe pumu kwa salbutamol peke yake, bila steroidi ya kuvuta. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na huyo apelekwe kliniki na makopo yake matupu mkononi.