Somo: Ngozi ya kobe ilivumiliwa, au ilikawia tu kukataliwa?

Wanafunzi wengi wa biolojia huandika kwamba kobe "huvumilia" ngozi ya mwenzake aliyopandikizwa, yaani kinga yake huikubali, kwa sababu ilikaa wiki nyingi bila kufa. Kosa hilo linaharibu mada nzima. Ukisoma jaribio la namna hii, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Tafuta kiraka cha kulinganishia. Kobe apandikizwe pia ngozi yake mwenyewe. Hiyo ikifa, tatizo ni upasuaji au uambukizo, si kinga.

Hatua ya 2. Tazama halijoto kabla ya kuhesabu siku. Kiini cha somo ni hapa. Kobe hupata joto lake kutoka nje, na seli zake za kinga hufuata joto hilo. Mwaka 1969 mtafiti Borysenko alichapisha uchunguzi wake wa *Chelydra serpentina*, kobe wa mito na maziwa ya Amerika Kaskazini: ngozi ngeni ilikataliwa, ila polepole, na baridi ilizidi kuchelewesha. Panya humaliza kazi hiyo kwa wiki mbili hivi. "Siku 30, bado hai" haituambii kitu bila nyuzi za Selsiasi.

Hatua ya 3. Soma dalili za kukataliwa: seli nyeupe za damu kurundikana, damu kuacha kupita, kiraka kukauka.

Hatua ya 4. Dai ushahidi wa uvumilivu. Mwaka 1953 watafiti Billingham, Brent na Medawar waliwadunga vijusi vya panya seli za ukoo mwingine. Panya hao walipokua, walipokea ngozi ya ukoo ule, na bado waliweza kukataa ya ukoo wa tatu. Kinga i macho. Imezoea mmoja tu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, majira ya baridi kinga ya kobe huzimika?*

Marahaba. Haizimiki, hudhoofika. Katika spishi zilizochunguzwa, tezi ya thaimasi, zinamokomaa seli T (seli nyeupe zinazoongoza ukataaji), husinyaa wakati wa baridi na kukua tena joto likirudi.

*Huku pwani tunapokea kasa waliojeruhiwa na nyavu. Hili linatuhusu?*

Sana. Pimeni joto la maji kila siku na muulizeni daktari wa wanyama kiwango kinachofaa spishi yenu. Kasa aliyepoa hupigana na vijidudu kwa unyonge hata akipewa dawa sahihi.