Kabla ya kuvuka mpaka na mashua yako, ujue unafuata sheria za nani

Kazi yangu ni kuwahamishia watu mashua zao za starehe kutoka nchi hadi nchi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama leseni ya mtu itakubalika aendako. Mimi huanzia nyuma kidogo. Andika mambo matatu kwenye karatasi: chombo kinapeperusha bendera ya nani, kinaingia maji ya nani, na pasipoti yako ni ya wapi. Kila moja huja na sheria zake.

Baadhi hazibadiliki. Nani ampishe nani baharini na taa zipi ziwashwe usiku, hayo yamo kwenye kanuni za kimataifa za mwaka 1972. Ila mito na maziwa mara nyingi yana kanuni za kwao.

Vurugu iko kwenye leseni. Uingereza unaweza kununua boti ndogo ya kujifurahisha na kuingia nayo baharini bila cheti chochote. Ufaransa wanatazama injini: ikizidi nguvu za farasi 6, leseni, mashua ya matanga wanaiacha. Ujerumani mpaka ni farasi 15, isipokuwa mto Rhine, ambako ni 5. Kwa hiyo usiulize "leseni inahitajika?" Uliza kwa kutaja injini, urefu wa chombo na maji yenyewe. Croatia wanataka cheti cha nahodha na pia cha kutumia redio ya VHF, ile ya mawasiliano baharini.

Cheti cha kimataifa cha kuendesha mashua, kinachoitwa ICC, kinasaidia sana Ulaya, nami nakishauri, lakini si ufunguo wa kila mlango: kuna nchi ambazo hazijakikubali rasmi, na kwa mito na mifereji ya Ulaya lazima kiongezwe mtihani wa kanuni za CEVNI. Beba cheti halisi. Picha kwenye simu humridhisha ofisa mmoja na kumuudhi wa pili.

Majaketi ya kuokoa maisha nayo yanatofautiana. Ireland, kwenye chombo kisichofika mita 7, kila mtu huvaa. Marekani sheria ya shirikisho inawabana watoto wa chini ya miaka 13, na majimbo yana ya kwao. Kwangu wote huvaa, basi.

Ninalolisisitiza zaidi ni maboya yanayoelea kuonyesha njia ya vyombo, maana hapa kosa halikuletei faini, linakupandisha mwambani. Ukiingia bandarini kutoka baharini, Ulaya, Afrika na Australia boya jekundu liwe kushoto kwako. Amerika zote, Japani, Korea Kusini na Ufilipino, liwe kulia. Hakikisha ramani uliyofungua ni ya eneo hilo.

Ukifika nchi ya kigeni, pandisha bendera ya njano, na watu wasishuke mpaka uhamiaji na forodha wamalize. Kisha hesabu tarehe mara mbili: za chombo na zako. Chombo cha nje ya Umoja wa Ulaya, mwenyewe akiwa mkazi wa nje pia, kinaweza kukaa humo miezi 18 bila kulipiwa kodi, lakini mgeni wa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, asiye na kibali cha ukaazi ana siku 90 tu katika kila 180. Chombo kikitoka na kurudi, miezi yake kwa kawaida huanza upya; siku zako hazianzi. Tunza risiti yenye tarehe ya gati lililo nje ya Umoja, forodha wanaweza kuidai kama ushahidi kwamba chombo kilitoka.