Kumweleza mgonjwa diski iliyochomoza kwa modeli ya pingili

Kliniki ndogo haihitaji uti wa mgongo mzima wa plastiki. Kinatosha kipande cha pingili mbili za mwisho za kiuno, L4 na L5, pamoja na sakramu, mfupa ulio chini yake, chenye diski (mito iliyo kati ya pingili) mbili, moja nzima na moja iliyochomoza, kwa kuwa diski nyingi za kiuno huchomoza hapo: kati ya L4 na L5, au L5 na S1, sehemu ya juu ya sakramu. Kiwe na mishipa ya fahamu. Bila hiyo maumivu ya mguu hayaelezeki.

Mpime mgonjwa kwanza. Modeli ikitangulia uchunguzi, ataanza kukubali kila dalili unayoitaja.

Kaa ubavuni mwake. Ukimshikia modeli uso kwa uso, kushoto na kulia vinageuka na maelezo yote yanavurugika. Miiba ya pingili ielekee nyuma kama ya kwake. Mwambie: "Mama, shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikutane nyuma." Hapo ni karibu na L4. Aguse pale, kisha aguse kwenye modeli.

Anza na diski nzima: ukuta wa matabaka 15 hadi 25 yaliyozungukana kama kitunguu kilichokatwa, na kiini laini chenye maji katikati. Ndipo uonyeshe iliyochomoza. Ukuta umechanika nyuma kwa pembeni, ambako ukano wa nyuma hauufuniki vizuri, na kiini kikausukuma mshipa. Usiseme diski "imehama". Imeshikamana na pingili juu na chini, na anayeambiwa imehama atamtafuta mkandaji wa kuirudisha.

Fuata mshipa kwa kidole, toka kwenye modeli hadi mguuni kwake. Diski ya L4 na L5 kwa kawaida hubana mshipa wa L5: ganzi juu ya mguu kuelekea dole gumba, na dole lenyewe kunyanyuka kwa shida. Ya chini yake hubana S1: ganzi ukingo wa nje wa mguu, na kusimama kwa ncha za vidole kunakuwa kazi.

Dereva wa daladala ataelewa haraka ukimfananishia diski na bushi, na ubaya wa mfano huo uko hapohapo: bushi ikilika hubadilishwa, ilhali diski ni kitu hai.

Kosa kubwa ni kuishia kwenye ile plastiki nyekundu ya diski iliyochomoza, mgonjwa akaondoka na picha ya mgongo uliovunjika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikuta diski zilizotuna kwa 30% ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu, na 84% ya wale wa miaka 80. Mweleze pia kwamba kipande kilichochomoza mara nyingi husinyaa chenyewe, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Kisha kunja modeli taratibu, aone mgongo umeumbwa kuinama. Ukiikunja kwa nguvu plastiki zinagongana, na sauti hiyo hatoisahau.

Muulize: "Ukiulizwa nyumbani una tatizo gani, utasemaje?" Akijibu mfupa umetoka, rudi kwenye diski nzima.

Mwisho gusa fungu la mishipa linaloshuka katikati ya modeli. Ganzi sehemu za siri au pale anapokalia, mkojo kugoma, choo kutoka bila kujua, au miguu yote miwili kulegea: aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.