Mbolea ya fosfeti: angalia pH (kipimo cha asidi) ya udongo kwanza

Usiangalie tu namba ya fosforasi kwenye mfuko. Uliza pia kama inayeyuka. DAP na TSP, mbolea mbili za fosfeti za kiwandani, zote zina takriban asilimia 46 ya P2O5 (ndivyo fosforasi inavyopimwa kwenye mfuko), na sehemu kubwa huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mmea huipata mapema. Unga wa mwamba wa fosfeti ni habari nyingine: hauyeyuki kwenye maji, unataka udongo wenye asidi, pH chini ya 5.5 hivi. Kwenye udongo wa chokaa utakaa tu kama mchanga. DAP nayo ina vituko vyake. Punje ikiyeyuka, pH pale ilipo hupanda hadi karibu 8, amonia (gesi kali) hutoka, na mbegu iliyoigusa inaweza kuungua. Tia mbolea, ifunike kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu.